Nimesamehewa Lini?

Huko mliko, kama mmekaa jikoni, au mko dukani, au mmetoka shambani sasa hivi, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tulitazame swali moja. Ni swali fupi, lakini limewatoa watu machozi, limewagawanya wachungaji, na limewafanya watu waliokula Meza ya Bwana pamoja wakatae kuketi tena katika kanisa moja. Swali lenyewe ni hili: Nimesamehewa lini?

Labda wewe utajibu upesi, "Nilisamehewa siku ile niliyookoka," nawe utaitaja tarehe, na mahali, na jina la mhubiri. Jirani yako aweza kujibu, "Mimi nilisamehewa Golgotha, kabla babu yangu hajazaliwa." Je, ni nani kati yenu aliyesema kweli? Na je, yafaa kugombana juu ya jambo hilo?

Walutheri, yaani wafuasi wa mafundisho ya Martin Luther, wameshindana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka 400. Walioshindana sana hawakuwa watu walioiacha Biblia. Walikuwa wale walioishika kwa mikono miwili, wasiotaka neno hata moja lidondoke. Kwa hiyo historia yao yatufaa sisi sote, tukiwa Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti au wengineo, kwa maana sote twakiri ya kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani. Basi na tuisikilize.

NENO LA MAHAKAMANI

Mwaka 1530, katika mji wa Augsburg huko Ujerumani, wafuasi wa Luther walisimama mbele ya Kaisari Karolo wa Tano, na ungamo la imani yao likasomwa. Sehemu ya nne ya ungamo hilo ni fupi sana. Yafundisha ya kwamba mwanadamu hawezi kujipatia haki mbele za Mungu kwa nguvu zake wala kwa matendo yake. Haki hiyo hupewa bure kwa ajili ya Kristo, naye huipokea kwa imani.

Neno hili "kuhesabiwa haki" ni neno la mahakamani. Hakimu akisimama na kusema, "Mshtakiwa hana hatia, aende zake," hajambadilisha tabia mtu yule. Amemtangazia hukumu, na hukumu ile ndiyo inayomfungua. Vivyo hivyo Mungu humtangazia mwenye dhambi kuwa hana hatia, kwa kuwa Mwanawe amekwisha kuibeba hatia hiyo.

Luther alifariki mwaka 1546. Hazikupita siku nyingi, mabishano yakaanza. Andreas Osiander, mwalimu katika mji wa Königsberg, alifundisha ya kwamba haki yetu mbele za Mungu ni Kristo mwenyewe akaaye ndani yetu kwa uungu wake. Maneno haya yasikika matamu. Tena ni kweli ya kwamba Kristo hukaa ndani ya mtu amwaminiye. Lakini wenzake waliona hatari. Kama haki yangu ni kile kilichomo ndani yangu, basi kila jioni nitajichungulia moyoni nione kama Kristo yumo vya kutosha. Na ni nani atakayelala kwa amani? Basi mwaka 1577 Walutheri waliandika Mwafaka wao wa imani, wakaamua ya kwamba haki yetu ni utii wa Kristo, utii ulio nje yetu, ambao Mungu anatuhesabia sisi.

Katika miaka ya 1590 likatokea jambo la upande wa pili. Samuel Huber, mtu wa Uswisi, alikuwa mwalimu katika chuo cha Wittenberg, mji ule ule wa Luther. Alikuwa akipambana na wale waliosema ya kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule tu. Katika kupambana kwake akaenda mbali hata akafundisha ya kwamba watu wote wamechaguliwa, na wote wamehesabiwa haki, waamini wasiamini. Mwenzake, Aegidius Hunnius, akampinga kwa nguvu. Mwisho Huber akaondolewa chuoni.

Unaona, ndugu, njia ilivyokuwa nyembamba? Huku kuna shimo la kuitafuta haki moyoni mwangu. Kule kuna shimo la kusema wote wamekwisha kuokoka, basi imani ni ya nini? Kati ya mashimo hayo mawili ndipo Walutheri wale walipotakiwa kutembea. Ugomvi wa siku za baadaye ulikuwa kati ya ndugu waliokuwa wakipita njia hiyo moja, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Angalia, utatumbukia!"

MILWAUKEE, MWAKA 1872

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Katika karne ya 19 maelfu ya Walutheri walihamia huko kutoka Ujerumani, Norwei na Uswidi. Wengine walitafuta mashamba. Wengine, kama wale waliotoka Saxony mwaka 1838, walihama kwa ajili ya imani, kwa kuwa makanisa ya kwao yalikuwa yamepoa na kuyadharau mafundisho ya kale. Kati ya hao wa Saxony alikuwamo mchungaji kijana, C.F.W. Walther. Mwaka 1847 yeye na wenzake walianzisha sinodi ambayo hujulikana hata leo kama Sinodi ya Missouri.

Wanorwei nao walikuwa na sinodi yao, na walikuwa marafiki wa Walther. Katika miaka ya 1860 waliingia katika mabishano na Walutheri wenzao wa Skandinavia waliokuwa katika Sinodi ya Augustana. Mabishano hayo yalihusu maneno ya ondoleo la dhambi. Mchungaji anaposimama mbele ya watu waliotubu na kuwatangazia msamaha, je, anawapa msamaha uliokwisha kuwapo? Au anawaambia tu ya kwamba watasamehewa kama wakiamini vya kweli?

Mwezi wa Julai 1872, sinodi sita zilikutana katika mji wa Milwaukee, zikaunda umoja wao ulioitwa Mkutano wa Sinodi. Jambo la kwanza kuzungumzwa katika mafundisho lilikuwa hili la kuhesabiwa haki. Aliyeleta hoja alikuwa Profesa F.A. Schmidt, wa Sinodi ya Norwei. Alifundisha ya kwamba ni lazima tuseme mambo mawili. Kwanza, Mungu alipomfufua Kristo, aliutangazia ulimwengu wote kuwa hauna hatia, kwa kuwa Kristo alisimama mahali pa wote. Pili, mtu mmoja mmoja huipata hukumu hiyo njema iwe yake kwa kuamini, wala pasipo imani hataifaidi.

Walitumia maandiko gani? Walishika Warumi 4:25, ambapo Paulo ahusisha kufa kwa Kristo na makosa yetu, na kufufuka kwake na kuhesabiwa kwetu haki. Walishika Warumi 5, penye Adamu mmoja na Kristo mmoja. Walishika 2 Wakorintho 5:19, ambapo Paulo afundisha ya kwamba katika Kristo Mungu aliurudisha ulimwengu katika amani naye, asiwaandikie watu deni la makosa yao.

Ndugu msikilizaji, labda maneno haya ni mazito. Basi nikupe mfano. Tuseme tajiri mmoja amelipa karo ya watoto wote wa kijiji kizima. Watoto wengine waliposikia, walivaa sare wakakimbia shuleni. Wengine walisema, "Nani awezaye kutulipia sisi bure?" wakabaki nyumbani wakichunga mbuzi. Je, yule aliyebaki nyumbani amelipiwa karo? Ndiyo. Je, anasoma? La. Na yule aliyekwenda, je, aliilipa karo kwa miguu yake? Hasha! Alikwenda tu kuingia mahali alipokwisha kulipiwa.

Mpaka hapo Walutheri wale wote walikuwa wamoja. Ugomvi wao ulikuwa juu ya risiti. Upande mmoja ulisema, "Risiti zilikwisha kuandikwa asubuhi ile ya Pasaka, zina majina ya wote, hata ya wale wanaochunga mbuzi." Upande wa pili ulisema, "Fedha ni kweli zimelipwa kwa wote, lakini risiti huandikwa mtoto anapofika mlangoni." Waweza kucheka na kusema, ni neno dogo. Lakini ngoja kwanza, nitakuonyesha kwa nini watu walilia.

MWAKA ULE ULE HUKO USWIDI

Mwaka huo huo wa 1872, neno la jamaa moja na hilo lilizuka Uswidi. Huko kulikuwa na uamsho mkubwa ulioongozwa na mhubiri Carl Olof Rosenius. Alikuwa na gazeti lililoitwa Pietisten, na watu wa vijijini walilisoma nyumbani mwao wakifarijiwa. Fundisho lake kubwa lilikuwa ya kwamba mwenye dhambi asingoje kwanza awe mwema. Aje kama alivyo, kwa maana Kristo amekwisha kumaliza yote.

Rosenius alifariki mwaka 1868, na P.P. Waldenström akawa mhariri wa gazeti lile. Mwaka 1872 Waldenström alichapisha hubiri lililotikisa nchi. Alisema ya kwamba kifo cha Kristo hakikuwa cha kuituliza hasira ya Mungu. Mungu hakubadilika wanadamu walipoanguka. Aliyebadilika ni mwanadamu, naye ndiye apaswaye kupatanishwa. Wengi walimfuata, na mwaka 1878 wakaunda umoja wao wa misheni. Lakini wale walioshika ungamo la kale walisema, "Ikiwa deni halikulipwa msalabani, basi mwenye dhambi atasimama juu ya nini?"

Nataja jambo hili la Uswidi kwa sababu mto wake umefika mpaka kwetu Kenya. Mwaka 1911 baadhi ya Waswidi waliopenda mafundisho ya Rosenius na waliotaka Biblia yote ishikwe kama Neno la Mungu, walianzisha chama chao cha misheni. Mwaka 1948 wamisionari wa chama hicho walianza kazi Itierio, katika nchi ya Abagusii. Kutokana na kazi hiyo limekua Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Kenya, ambalo leo lina ushirika na Sinodi ya Missouri. Basi mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri kule Kisii, ajue asijue, ni mrithi wa mambo yaliyobishaniwa Uswidi na Milwaukee katika mwaka ule mmoja.

MARAFIKI WATENGANA

Turudi sasa Marekani. Miaka minane tu baada ya ule mkutano wa Milwaukee, marafiki waligeukana. Mwezi wa Januari 1880, Profesa Schmidt, yule yule aliyesoma hoja, alianza kuchapisha gazeti la kumpinga Walther hadharani. Safari hii neno lilikuwa juu ya uteule. Je, kwa nini Mungu amemchagua mtu? Walther alisema, ni kwa neema tupu katika Kristo, wala hakuna sababu yo yote ndani ya mtu. Schmidt alisema, Mungu alimchagua mtu akiiona mbele imani yake, kama walimu wengi wa zamani walivyofundisha.

Utaona ya kwamba ni swali lile lile lenye vazi jingine. Je, imani ni sababu ya Mungu kunipenda, au ni mkono tu unaopokea? Schmidt aliogopa ya kwamba Walther anamfanya Mungu kuwa mwenye kuchagua huyu na kumwacha yule bila sababu. Walther aliogopa ya kwamba Schmidt anaigeuza imani kuwa tendo jema la mwisho, lile dogo ambalo mwanadamu humletea Mungu ili apendwe.

Matokeo yalikuwa ya huzuni. Mwaka 1881 Sinodi ya Ohio iliacha ule umoja. Mwaka 1883 Wanorwei nao walitoka, wakitumaini kuutuliza moto nyumbani mwao. Moto haukutulia. Kufika mwaka 1887, karibu theluthi moja ya Sinodi ya Norwei ilikuwa imejitenga. Vijijini watu wa lugha moja, waliokuja kutoka nchi moja, walijenga makanisa mawili karibu karibu, kila moja na kengele yake. Ilipita miaka 30 kabla ya sehemu kubwa ya Wanorwei hao kuungana tena, mwaka 1917. Na hata hapo wachache walikataa, wakabaki peke yao.

Walther mwenyewe alifariki mwaka 1887. Katika miaka ya 1884 na 1885, moto huo ukiwa bado unawaka, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake huko St. Louis kila Ijumaa jioni juu ya Sheria na Injili. Aliwaonya vijana wale wasihubiri imani kana kwamba ni masharti mapya. Kwa maana mchungaji akimwambia maskini mwenye dhambi, "Utasamehewa, lakini hakikisha kwanza imani yako ni ya kweli," amemnyang'anya mkate na kumpa kioo ajitazame.

KOKOMO, MWAKA 1979

Mwaka 1932 Sinodi ya Missouri ilipitisha Tamko Fupi la mafundisho yake, ambalo Profesa Franz Pieper ndiye aliyeliandaa hasa. Humo iliandikwa waziwazi ya kwamba Mungu amekwisha kuutangazia ulimwengu wote haki katika Kristo. Lakini si wote waliokubali. R.C.H. Lenski, mwalimu wa upande wa Ohio ambaye vitabu vyake vya kufafanua Agano Jipya vinasomwa mpaka leo, aliandika katika ufafanuzi wake wa Warumi kulipinga neno hilo. Kwake yeye, Paulo anenapo juu ya kuhesabiwa haki, anena daima juu ya mtu aaminiye.

Katika miaka ya 1970 moto uliwaka tena, safari hii katika kanisa moja dogo la Sinodi ya Wisconsin, katika mji wa Kokomo, jimbo la Indiana. Baadhi ya washiriki walikataa kusema ya kwamba kila mwenye dhambi, aamini asiamini, amekwisha kupewa cheo cha mtakatifu. Maneno hayo yalitoka katika ufafanuzi wa 2 Wakorintho uliotolewa mwaka 1963 na Joh. P. Meyer, mwalimu wa sinodi hiyo. Yaliandikwa maneno manne ya kubishaniwa. La nne lilikuwa kali kuliko yote, kwa maana lilisema ya kwamba siku ya ufufuo Mungu aliwatangazia msamaha hata Yuda na wale waliokufa katika gharika. Mwaka 1979 washiriki waliokataa maneno hayo walitengwa na kanisa lao.

Fikiri, ndugu. Watu walitengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya risiti. Hata miongoni mwa walimu wa sinodi hiyo walikuwapo waliokiri ya kwamba baadhi ya maneno yale hayakupangwa vizuri, ijapokuwa walilishika fundisho lenyewe. Ni neno la kutuonya. Fundisho laweza kuwa la kweli, na bado likasemwa kwa namna inayomkwaza mdogo.

Wakati huo huo jambo hilo lilizuka katika Sinodi ya Missouri. Hapa kuna kisa ambacho sisi watu wa redio hatuwezi kukipita. Mwaka 1930 mhubiri aitwaye Walter A. Maier alianza kuhubiri katika redio ya Marekani, katika kipindi kiitwacho Saa ya Kilutheri. Alihubiri humo mpaka alipofariki mwaka 1950, akawa mmoja wa wahubiri wa redio waliosikilizwa sana duniani. Mwanawe, mwenye jina hilo hilo, alikuwa profesa wa Agano Jipya katika chuo cha Fort Wayne. Huyu profesa aliyachunguza yale maandiko matatu niliyoyataja, akasema ya kwamba hayafundishi kuhesabiwa haki kwa ulimwengu wote. Hakukana ya kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Aliuliza tu kama Paulo alilitumia neno "haki" kwa wasioamini. Sinodi ilisumbuka kwa muda, na mwezi wa Mei 1983 tume yake ya mafundisho ilitoa hoja zilizolishikilia fundisho la Tamko Fupi, zikionya pia ya kwamba hakuna aupataye wokovu pasipo imani. Hata katika karne hii ya 21 wako Walutheri wanaoendelea kubishana juu ya neno hili.

HOFU MBILI

Sasa, msikilizaji mpendwa, tuulize: watu hawa wote waliogopa nini? Kwa maana mtu hapiganii neno kwa miaka 100 bila kuwa na hofu moyoni.

Hofu ya kwanza ni ya yule mama mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye nguvu zimemwishia. Hawezi kuomba tena maombi marefu. Akiutazama moyo wake haoni moto wa imani, anaona majivu tu. Ukimwambia, "Mungu atakusamehe ukiamini vya kutosha," umemuua kabla ya ugonjwa kumwua. Yeye ahitaji kusikia ya kwamba jambo lake lilikwisha kuamuliwa, ya kwamba Mungu alipoliondoa jiwe la kaburi, alitoa hukumu, na hukumu hiyo yamhusu yeye. Wale waliosema risiti ziliandikwa Pasaka walikuwa wakimlinda mama huyu.

Hofu ya pili ni ya yule kijana wa mjini anayekunywa na kuzini, na ambaye akionywa acheka na kusema, "Si Yesu alikwisha kulipa? Mimi nimeshasamehewa." Ukimwambia, "Ndiyo, wewe ni mtakatifu, uamini usiamini," umemtandikia kitanda njiani mwa jehanamu. Yeye ahitaji kusikia maneno ya Yohana 3:18, kwamba asiyemwamini Mwana hukumu imekwisha kumpata. Wale waliosema hakuna kuhesabiwa haki pasipo imani walikuwa wakimlilia kijana huyu.

Wote wawili, mama na kijana, wamo katika makanisa yetu. Wote wawili husikiliza redio hii. Kwa hiyo mhubiri mwenye hekima hatafuti neno moja la kuwapigia wote. Humpa mama Injili yote, bila masharti. Humpa kijana sheria yote, bila kulegeza, mpaka na yeye alie kama yule mama. Ndipo naye apewe Injili ile ile.

Tena tujifunze neno jingine kwa ndugu hawa. Katika hayo yote hakuna hata mmoja wao aliyesema mtu huokolewa kwa matendo yake. Wote walimtazama Kristo yule yule. Lakini walipogombana walisahau mara nyingi kuuliza, "Ndugu yangu aogopa nini?" Waliuliza tu, "Amekosea neno gani?" Hapa kwetu pia tumeyaona. Makanisa yamegawanyika kwa sababu ya maneno, na ukiwauliza vijana leo ugomvi ulikuwa juu ya nini, hawajui. Wajua tu ya kwamba kwa wale hatuendi. Kweli yapasa kulindwa. Mtume Paulo aliilinda kwa ukali mbele ya Wagalatia. Lakini Paulo huyo huyo aliwaita Wagalatia watoto wake, akasema anawaonea utungu kama mama anayezaa. Mtu asiye na utungu huo asishike upanga wa mafundisho, ataumiza watu bure.

MTAZAME ALIYEINULIWA

Basi, tujibu nini lile swali letu, Nimesamehewa lini?

Twende kwa Musa jangwani, Hesabu 21. Watu waliumwa na nyoka wa moto. Mungu akamwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti. Je, nyoka yule aliinuliwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya kila aliyeumwa. Dawa ilikuwa imetundikwa pale mchana kweupe, kamili, kabla mtu ye yote hajainua macho. Macho ya mtu hayakuongeza kitu katika dawa ile. Hata hivyo aliyetazama alipona, na aliyekataa kutazama alikufa, dawa ikiwa mbele ya hema yake. Bwana wetu alimwambia Nikodemo ya kwamba vivyo hivyo ndivyo yeye mwenyewe atakavyoinuliwa.

Angalia neno moja. Mtu aliyeumwa hakuambiwa ayatazame macho yake ili aone kama yanatazama vizuri. Aliambiwa amtazame aliyeinuliwa. Imani ndivyo ilivyo. Imani ikijitazama yenyewe, hufa. Imani ikimtazama Kristo, huishi, hata ikiwa ndogo kama punje ya haradali.

Wewe uliyeokoka tarehe fulani, mshukuru Mungu kwa tarehe hiyo. Ishuhudie bila haya. Lakini usiitegemee, kwa maana tarehe yako haikusulubiwa kwa ajili yako. Siku utakapokuwa dhaifu hata usiikumbuke, Kristo aliyesulubiwa na kufufuka atakuwa bado ni yule yule.

Na wewe uliyebaki nyumbani ukichunga mbuzi, ukisema hakuna awezaye kukulipia bure, nakuambia leo: karo imelipwa. Imelipwa kwa damu. Usikae nje ukibishana na risiti. Waebrania 4 yatukumbusha juu ya watu waliosikia habari njema, nayo haikuwafaa, kwa kuwa hawakuipokea kwa imani. Usiwe mmoja wao. Ingia ndani, mlango uko wazi.

Na tuombe. Ee Baba wa mbinguni, twakushukuru kwa kuwa ulituondolea hatia katika Mwanao kabla hatujakujua. Mfariji aliye dhaifu, asiutegemee moyo wake bali amtegemee Kristo. Mwamshe aliyelala, asiifanye neema yako kuwa mto wa kulalia. Na sisi tulio makanisa mbalimbali, utufundishe kuilinda kweli yako bila kuwachukia ndugu zetu. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.